Mlango wa Nani?

Katika baa za Dar es Salaam zinazoleta bendi kuna mapatano ambayo mara nyingi hayaandikwi popote, na kila mwanamuziki anayajua: mwenye baa anachukua bia, bendi inachukua mlango. Mlango ni kiingilio, yaani fedha anazokusanya mtu aliyekaa getini na kijitabu cha tiketi, kalamu na sura isiyopenda utani. Bia ina uhakika. Mtu aliyeingia atakunywa, na asipokunywa atakula. Mlango hauna uhakika hata kidogo. Mvua ikinyesha saa mbili usiku, Simba na Yanga zikikutana siku hiyo, mishahara ikichelewa, bendi itapiga hadi saa nane kwa watu arobaini, kisha wanamuziki kumi na wawili watagawana nauli ya kurudi nyumbani.

Mapatano hayo yanaonekana ya haki mpaka mtu aulize kijitabu cha tiketi kinashikwa na nani. Akikishika mtu wa baa, bendi itaambiwa alfajiri waliingia wangapi, na haina pa kuhakikisha. Akikishika mtu wa bendi, mwenye baa atalalamika kwamba marafiki zake wamezuiwa getini. Ugomvi mwingi wa muziki wa dansi, pamoja na bendi zilizovunjika na waimbaji waliohama usiku wa manane, ulianzia kwenye hesabu ya kijitabu hicho.

Ugomvi huo unaiumiza zaidi bendi ndogo inayopiga nyimbo zake yenyewe, na maumivu yanazidi kadiri mtu anavyosogea mbali na Dar. Chukua Miburani. Si Miburani ya Temeke, kata yenye Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa 2007 ukiwa na nafasi ya watu 60,000, jirani na Chang'ombe na ukumbi wake wa TCC ambao wapenzi wa dansi wanaujua vizuri. Ni Miburani ya Mafia, kata ya kisiwani, ng'ambo ya delta ya Rufiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 katika Wilaya nzima ya Mafia, na ile ya 2022 ikapita 60,000. Maana yake wilaya yote, pamoja na watoto, wazee na wavuvi walioko dago, ingekaribia kuenea katika uwanja wa mpira wa Miburani ile nyingine.

Bendi ya mahali kama hapo haiwezi kuwategemea wapita njia. Dar mtu husikia gitaa akiwa kwenye daladala, akashuka. Mafia kila anayeingia ukumbini ni mtu anayejulikana: binamu wa mpiga ngoma, mwalimu wa shule, fundi wa mashua, muuguzi aliyehamishiwa Kilindoni mwezi uliopita. Tiketi yake haiuzwi na bango. Inauzwa na mtu aliyemfuata dukani, akamwambia siku na saa, akapokea fedha mkononi. Kwa maneno mengine, bendi ya kisiwani ikitaka kujaza ukumbi itaiuza tiketi yenyewe, ipende isipende. Kinachobaki ni kujua fedha hiyo inakwenda kwa nani.

Jibu la wazee wa pwani lilikuwa rahisi: inakwenda kwa chama. Kabla ya magitaa, ngoma za beni zilizosambaa pwani na bara mwanzoni mwa karne iliyopita ziliendeshwa na vyama vyenye wanachama, vyeo na michango. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa mapigo na kwa ukubwa wa karamu, na gharama zilibebwa na wanachama wenyewe. Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905 ilijengwa kwa mtindo huohuo wa klabu. Bendi za kwanza za dansi zilirithi utaratibu huu. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande 1958, Western Jazz 1959. Majina yenyewe yanasema: mtu wa Kilwa aliyehamia mjini alikuwa na bendi ya kwao, na kwenda kuicheza kulikuwa namna ya kukutana na ndugu. Mlango ulikuwa wa bendi kwa sababu bendi ilikuwa ya watu waliokuwa ndani.

Mwaka 1964 mambo yakabadilika. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi na kuwaajiri wanamuziki wake. NUTA Jazz ikawa baadaye JUWATA, kisha OTTU, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Mwanamuziki akapata mshahara wa mwezi, jambo ambalo kwa mpiga gitaa wa wakati ule lilikuwa kama ndoto. Mashirika mengine yakafuata: kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, shirika la mabasi likawa na UDA Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, kiwanda cha kukata almasi Iringa kikawa na Tancut Almasi, vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz, na majeshi yakawa na bendi zake. Mlimani Park ilizaliwa 1978 ikiwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Kampuni hiyo ilipofungwa, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam likaichukua 1983 na kuongeza herufi tatu mbele ya jina: DDC.

Zama hizo zilizaa nyimbo ambazo hadi leo zinapigwa kwenye harusi na misiba. Anayeziponda hajui anachosema. Lakini zilikuwa na kasoro moja kubwa: vyombo vilikuwa vya mwajiri. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, gitaa na spika ziliagizwa nje kwa shida, na mwanamuziki aliyegombana na ofisi aliondoka na sauti yake tu. Mfano unaokumbukwa ni wa 1985, na haukutoka kwa shirika la umma. Mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound, bendi iliyokuwa na wapenzi wake na mtindo wake wa Masantula, akaunda International Orchestra Safari Sound kwa kuwachukua Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na wenzao kutoka Mlimani Park. Mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Muziki ulikuwa mtamu, hilo halina ubishi. Ila bendi yenye jina ilizimika kwa uamuzi wa mtu mmoja, kwa kuwa vyombo vilikuwa vyake.

Waliokwepa mtego huo ni wachache na wanastahili kutajwa. Orchestra Maquis du Zaire, waliofika Dar mwaka 1972 wakitokea Kongo kwa njia ya Uganda, waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, na bendi ikawa mali ya wanamuziki. Kilimanjaro Band, hao Wana Njenje wenye asili ya Tanga, nao walijisimamia, na walidumu wakati bendi zenye majina makubwa zikisambaratika baada ya mashirika kubinafsishwa katika miaka ya 1990. Haiwezekani kudai kwamba kujimiliki kunatosha. Mwimbaji Ally Choki aliondoka African Stars, wale wa Twanga Pepeta, akaanzisha Extra Bongo yake, na baadaye akarudi Twanga. Kuimba vizuri na kuendesha bendi ni kazi mbili, na Asha Baraka, mkurugenzi wa Twanga, amedumu kwa sababu anaijua hiyo ya pili.

Mlango una faida nyingine ambayo haipimwi kwa shilingi tu. Mwimbaji Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi ukiwaua watu, Radio Tanzania haikuupiga. Wakati ule redio ilikuwa moja, na kunyimwa redio kulitosha kumzika msanii. Lakini bendi yake, Super Matimila, ilikuwa na kumbi zake na watu wake. Wimbo ukasikika mlango kwa mlango, kanda kwa kanda, mpaka nchi nzima ikaujua. Mtu huyohuyo, mwishoni mwa miaka ya 1980, alifika kwenye majukwaa ya tamasha la WOMAD huko Ulaya, na 1989 albamu yake ya "Songs for the Poor Man" ikatolewa na kampuni ya Real World. Watu wa nje waliona ajabu kwamba bendi ya Sinza iliyopiga kila wiki kwenye baa ilikuwa imeiva namna ile. Hakukuwa na ajabu: kupiga kila wiki kwenye baa ndiko kulikoiivisha.

Leo redio na simu zimejaa muziki, na kilichopungua ni usiku wa kupiga. Mwenye baa akiwa na DJ na spika mbili anahudumia ukumbi kwa mtu mmoja. Bendi ina watu wanane, wana njaa, wanataka maji, na mpiga ngoma amechelewa. Ikikubaliwa, sharti huwa moja: pigeni kopi. Wateja wanataka wanachokijua, kwa hiyo vijana wanapiga nyimbo za zamani za Sikinde (yaani Mlimani Park), rumba mbili za Kongo, Bongo Fleva ya mwezi huu, na saa saba usiku, watu wakiwa wamelewa, wanachomeka wimbo wao mmoja. Kopi si dhambi, na kila mwanamuziki mzuri alijifunzia humo. Ila bendi inayolipwa kwa kopi ina washindani kila mtaa, na mwenye baa analijua hilo anapopanga bei.

Halafu kuna fedha za juu ya mlango. Katika taarabu shabiki hupanda jukwaani akicheza taratibu na noti mkononi, akamtunza mwimbaji aliyemgusa kwa shairi, au akatumia shairi hilo kumrushia jirani yake kijembe bila kufungua mdomo. Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf na wenzao walijaza kumbi kwa utamu huo. Kwenye dansi la miaka ya 2000 likazuka jambo jingine: mapedeshee, watu wenye fedha waliotaka majina yao yaimbwe. Kuna nyimbo za kipindi hicho ambazo orodha ya majina ni ndefu kuliko beti. Wanamuziki walikula, lakini utungaji uliumia, na pedeshee alipofilisika au kufungwa, wimbo ulibaki na jina ambalo hakuna aliyetaka kulisikia tena. Tuzo ni nyongeza nzuri. Bendi iliyoifanya kuwa mshahara imejiajiri kwa watu ambao haiwezi kuwadai.

Wako pia wanaokwepa mlango kabisa. Mchiriku, muziki wa vinanda vya Casio na ngoma kutoka vitongoji vya Dar, uliishi kwa miaka mingi kwenye shughuli za mitaani: mwenye shughuli analipa, mtaa mzima unacheza bure mpaka kunakucha. Jagwa Music, waliojikusanya Mwananyamala mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitoka kwenye vumbi hilo na 2012 wakatoa albamu, "Bongo Hotheads", kupitia kampuni ya Ubelgiji ya Crammed Discs. Singeli, mtoto wa mchiriku, imefuata njia ileile hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Kwa bendi ya Miburani ya Mafia hii ni njia halisi, kwa kuwa harusi hazikosekani popote pwani. Ubaya wake ni kwamba bendi ya harusi huwa mali ya harusi: hupiga anachotaka shangazi wa bibi harusi, na shangazi hajaja kusikiliza nyimbo mpya.

Hoteli nazo? Utende, upande wa kusini-mashariki wa Mafia, kuna hoteli za watalii wanaokuja kupiga mbizi katika Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, na msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka karibu na masika, huleta wageni wengi zaidi. Hoteli hulipa fedha isiyobadilika na haiulizi mvua. Mombasa, Them Mushrooms walikulia kwenye hoteli za namna hiyo, na huko ndiko walikotunga "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inachekesha kidogo ukifikiri: wimbo ambao leo kila bendi ya hoteli kuanzia Lamu hadi Mtwara inaupiga kopi kwa kuchoka, ulikuwa wimbo mpya wa bendi ya hoteli iliyothubutu kutunga. Anayeenda hotelini aende na wimbo wake mfukoni.

Mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya bendi ndogo unatoka Nairobi. Mwaka 2008 Muthoni Ndonga, anayejulikana kama Muthoni Drummer Queen, alikuwa msanii asiyepata jukwaa la muziki wake. Kumbi zilikuwa za madisko na nyimbo za redio. Badala ya kuendelea kuwabembeleza wenye kumbi, alianzisha Blankets and Wine: watu wanakuja mchana na vikapu vyao, wanatandika shuka kwenye nyasi, wanawasikiliza wasanii wanaopiga nyimbo zao wenyewe. Kiingilio kiliwekwa na waandaaji, jukwaa likawa la wanamuziki, na wengi waliokuja kuwa maarufu Kenya walipita hapo wakiwa wadogo. Hakujenga ukumbi wala kununua baa. Alichoshika ni mlango.

Zanzibar kuna somo la tahadhari ndani ya habari njema. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002, kimetoa wanamuziki walioungana na kuunda bendi zao. Siti and the Band ni mojawapo, iliyochanganya taarabu na mitindo mingine na kutoa albamu yake mwaka 2018. Tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, limewapa vijana wa aina hiyo jukwaa la Ngome Kongwe mbele ya wageni wa dunia nzima. Lakini tamasha hilohilo, lenye jina kubwa namna hiyo, halikufanya onyesho lake la 2016 kwa kukosa fedha. Ikiwa Busara, na wageni wake wanaolipa kwa dola, haikai kwa viingilio peke yake, bendi ya watu wanane isitegemee kujenga nyumba kwa onyesho moja.

Basi tufanye hesabu, ya mfano tu. Bendi ya kisiwani inachapisha tiketi 150, moja kwa shilingi 3,000. Zikiuzwa zote ni shilingi 450,000. Toa kukodi spika na mikseri, toa mafuta ya genereta, kwa kuwa Mafia kwa miaka mingi imeishi kwa umeme wa mashine za dizeli na jukwaa halitaki kuzimikiwa katikati ya wimbo. Toa gari la kubeba vyombo, kibali, mlinzi, chakula. Kitakachobaki si kingi, na pengine kila mmoja ataondoka na noti mbili tatu. Sasa linganisha na bendi hiyohiyo kukubali posho ya mwenye ukumbi, kisha kumwona akijaza watu 150 kwa kiingilio chake na kuuza vinywaji juu yake. Tofauti ndiyo inayonunua nyuzi za gitaa za mwezi ujao.

Faida kubwa ya kuuza mapema ni kujua. Zikiwa zimeuzwa 60 mpaka Alhamisi, bendi inakodi spika ndogo na kuacha gari la pili. Zikiwa zimeisha, inajua kwamba mwezi ujao inaweza kupandisha hadi 4,000. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na leo hata muuza urojo ana Lipa Namba. Namba hiyo iandikwe kwenye bango, iwe ya bendi, si ya simu ya mpiga solo, maana bendi nyingi zimevunjika kwa fedha zilizoingia kwenye simu ya mtu mmoja na kutoka bila maelezo. Daftari la tiketi lisomwe mbele ya wote usiku uleule, kabla ya mtu kulewa.

Hapa kuna hila moja ya kuangaliwa. Yupo mwenye ukumbi au promota atakayesema: chukueni tiketi mia, nileteeni fedha ya tiketi mia, mkishindwa mtalipa wenyewe. Anaiita nafasi ya kujitangaza. Kwa kweli amehamisha hasara yake yote kwenda kwa vijana na kubaki na bia. Kuuza tiketi kuna maana bendi inapopanga bei, inapochapisha idadi yake na inaposhika kijitabu. Kuuza tiketi za mtu mwingine kwa dhamana ya mfuko wako ni kumkopesha tajiri. Afadhali kupiga uwanjani chini ya mwembe.

Kalenda nayo ina sauti. Kwenye visiwa vyenye Waislamu wengi hakuna anayepiga dansi mwezi wa Ramadhani, na bendi zilijua hivyo tangu zamani: zilipiga vunja jungu kwa nguvu siku za mwisho za Shaabani, zikalala mwezi mzima zikitunga, zikarudi Idi Mosi na nyimbo mpya. Msondo na Sikinde waliongeza mpambano, jukwaa moja bendi mbili, na utani wa jadi ukauza tiketi kuliko tangazo lolote. Vikundi viwili vya kisiwani vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama nusu, kwa kutumia spika zilezile. Anayetaka kualika bendi ya Dar atazame upepo pia. Vyombo vinavuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na wakati wa kusi bahari huchafuka, safari zikachelewa. Tangazo la onyesho la Jumamosi lenye vyombo vinavyofika Ijumaa jioni ni kamari.

Kuna karatasi pia, na wanamuziki wanazichukia mpaka siku zinapowaokoa. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984, linasajili wasanii na vikundi, na afisa utamaduni wa wilaya ndiye wa kwanza kuonana naye kabla ya onyesho. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, au ule usio na riba ambao halmashauri hutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kutoka asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Seti ya vyombo vya kuanzia ni aina ya kitu ambacho mikopo hiyo iliwekewa. Nyimbo zisajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Mwaka 2022 taasisi hiyo iligawa mirabaha kwa wanamuziki ambao kazi zao zilitumika redioni, na mirabaha humwendea aliyetunga. Aliyepiga kopi maisha yake yote hana la kudai.

Mkataba na mwenye ukumbi hauhitaji wakili kila mara. Ukurasa mmoja unatosha, mradi useme nani anapanga kiingilio, nani anakaa getini, wageni wangapi wa bure kwa kila upande, saa ya kuanza na kumaliza, na fedha inagawanywa lini. Baadhi ya wenye kumbi watakataa kusaini. Hao wamekwisha kujibu swali la mlango ni wa nani.

Wenye kumbi za Kilindoni na kwingineko Mafia wanaombwa jambo dogo: wapeni vijana usiku mmoja kwa mwezi, Alhamisi au Jumapili ambayo kwa kawaida ni tupu, chukueni bia zenu zote, na waacheni washike mlango. Hamtapoteza kitu kwenye usiku ambao haukuwa na kitu. Halmashauri nayo ikiwa na ukumbi unaokaa kimya, iufungue kwa bei ambayo kikundi cha vijana kinaweza kulipa.

Na msomaji, siku bendi ya kwenu itakapoweka meza getini, usije na maneno ya "mimi namjua mpiga besi". Anayemjua mpiga besi ndiye anayepaswa kulipa kwanza. Lipa, chukua tiketi yako, na uhakikishe imekatwa.